Historia ya Kupoza Injini ya Pikipiki

Katika injini ya petroli, nguvu inayofika kwenye gurudumu haizidi theluthi moja hivi ya ile iliyomo kwenye mafuta, na mara nyingi ni pungufu ya hapo. Iliyobaki hutoka kama joto: sehemu moja hupita kwenye bomba la moshi, nyingine hupenya kuta za silinda, hedi na pistoni. Moto ndani ya chumba cha mwako hupita nyuzijoto 2,000 za Selsiasi, ilhali aluminiamu huyeyuka ikifika 660. Injini husalimika kwa sababu moto huo huwaka kwa kitambo kidogo sana katika kila mzunguko, na kwa sababu joto linaloingia kwenye chuma huondolewa kabla halijarundikana. Kwa muda mrefu kazi hiyo ya kuliondoa haikuwa ya mashine peke yake. Mwendeshaji na fundi walikuwa sehemu ya mfumo wa kupoza, na kwenye pikipiki ya zamani bado wamo.

Chombo cha magurudumu mawili ambacho Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walikiunda Cannstatt, Ujerumani, mwaka 1885 kilikuwa na silinda moja ya cc 264, iliyotoa nusu ya nguvu ya farasi kwa mizunguko 600 kwa dakika. Mwako uliwashwa na kijibomba kilichopashwa moto kwa mwali wa taa, tena chini ya kiti. Inasimuliwa kwamba Novemba mwaka huo Paul, mwana wa Daimler, alipokiendesha kutoka Cannstatt hadi Untertürkheim, kiti kilishika moto njiani. Mwaka 1894, kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya Munich ilianza kuuza pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, yenye silinda mbili za jumla ya cc 1,489. Hiyo ilipozwa kwa maji, na maji yenyewe yalikaa ndani ya madigadi ya nyuma, iliyoundwa kama tangi. Ulikuwa ubunifu wa kweli, ila uzito wake ulikuwa mkubwa kwa injini yenye nguvu mbili na nusu za farasi, na pikipiki hiyo haikudumu sokoni.

Njia iliyoshinda ilitoka Ufaransa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1890, De Dion-Bouton waliuza injini ndogo ya silinda moja, ya awali ikiwa na cc 137 tu, iliyozunguka zaidi ya mara 1,500 kwa dakika, kasi iliyowashangaza watu wa wakati huo. Georges Bouton hakuipa maji wala pampu. Silinda ilizungushiwa mapezi ya chuma, na upepo wa mwendo ukaachiwa kazi iliyobaki. Injini hiyo ilinunuliwa na kuigwa, kwa leseni na bila leseni, Ulaya na Marekani. Kwa miaka zaidi ya sabini iliyofuata, pikipiki nyingi duniani zilibeba wazo lile lile: silinda yenye mapezi, iliyo wazi kwa upepo.

Mapezi yanahitajika kwa sababu hewa hubeba joto kidogo mno. Lita moja ya maji ikipanda nyuzi moja huchukua joto zaidi ya mara 3,000 ya lile linalochukuliwa na lita moja ya hewa. Upungufu huo hufidiwa kwa eneo kubwa la chuma na kwa wingi wa hewa inayopita. Mapezi yakisogezwa karibu mno, hewa hukwama katikati yake. Yakiachana mno, eneo hupotea. Lakini udhaifu mkubwa wa mfumo huu hauko kwenye umbo la mapezi. Pikipiki inapopanda mlima polepole kwa gia ndogo huku imebeba mzigo, injini huwaka kwa nguvu zake zote wakati upepo ni haba, na ikisimama kwenye foleni upepo hukatika kabisa. Joto huwa jingi pale hasa ambapo njia ya kulitoa imeziba. Kila hatua iliyofuata katika historia hii ni jaribio la kukabiliana na hali hiyo.

Katika miongo miwili ya kwanza ya karne ya 20, aliyebeba jukumu ni mwendeshaji. Pikipiki ya mwaka 1910 ilikuwa na vijiti kadhaa kwenye usukani: kimoja cha hewa, kimoja cha mafuta, na kimoja cha kuwahisha au kuchelewesha cheche ya plagi. Cheche ikichelewa, petroli huendelea kuungua wakati valvu ya moshi imeshafunguka, na bomba huweza kuiva hadi jekundu. Mwendeshaji aliyechelewesha cheche ili awashe injini, kisha akasahau kukirudisha kijiti, aliunguza valvu. Hewa ikizidi petroli, mchanganyiko huwa mkavu na mwako hupandisha joto la hedi. Kwa hiyo mlimani kijiti cha hewa kilifungwa kidogo ili petroli ya ziada ipoze chumba cha mwako kwa kugeuka mvuke. Kulikuwa pia na pampu ya mkono ya oili ubavuni mwa tangi. Oili ilisukumwa kwenye injini, ikalainisha, ikaungua au kuvuja, na haikurudi. Aliyeendesha alilazimika kujua mwenyewe ni baada ya mwendo gani apige pampu tena, na kabla ya mlima mrefu aliongeza pampu moja. Wakimbiaji wa mbio walipenda mafuta ya nyonyo, kwa kuwa yaling'ang'ania chuma hata kwenye joto kali, ingawa yaliacha gundi ndani ya injini na kulazimisha ifunguliwe mara kwa mara.

Chuma cha wakati huo nacho kilikuwa na mipaka yake. Silinda na hedi vilisubiwa kwa chuma cha kalibu, tena mara nyingi kama kitu kimoja, na valvu zilisimama ubavuni. Chuma cha kalibu hupitisha joto polepole. Aluminiamu hulipitisha kwa kasi ya takriban mara tatu. Upande wa valvu ya moshi ulipata joto kuliko upande wa pili, silinda ikapinda kidogo, pistoni ikakwaruza. Majeraha ya aina hiyo fundi wa leo huyaona kwenye pistoni iliyotolewa kutoka injini iliyochemka: mistari ya wima upande mmoja, iliyokolea karibu na tundu la moshi.

Mwingereza Alfred Angas Scott, kutoka Yorkshire, aliona kwamba injini ya mapigo mawili, inayowaka kila pistoni inapopanda, haingeweza kutegemea upepo peke yake. Pikipiki zake za kuanzia mwaka 1908 zilipozwa kwa maji, kwanza kwenye hedi, baadaye kwenye silinda pia. Hazikuwa na pampu ya maji. Maji yaliyopashwa yalipanda yenyewe hadi kwenye rejeta, yakapoa, yakashuka kwa uzito wake. Mwaka 1912 Frank Applebee alishinda mbio za Senior TT katika Kisiwa cha Man akiwa juu ya Scott, na mwaka uliofuata Tim Wood akafanya vivyo hivyo. Yalikuwa mafanikio makubwa, na yangeweza kubadilisha mwelekeo wa tasnia nzima. Haikuwa hivyo. Rejeta ilikuwa ghali na mipira yake ya maji ilipasuka, na wanunuzi wengi hawakuwa na haraka ya kiwango kile.

Maarifa yaliyobadilisha pikipiki ya kawaida yalitoka kwenye ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, A. H. Gibson na Samuel Heron, katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, walipima kwa makini namna joto linavyosafiri ndani ya silinda inayopozwa kwa hewa: unene wa mapezi, nafasi kati yake, mahali pa kuweka valvu, na faida ya hedi ya aluminiamu. Baadaye, akiwa Marekani, Heron aliunda valvu yenye shina lililo wazi ndani na kujazwa sodiamu kwa sehemu. Sodiamu huyeyuka kwa nyuzi 98 tu, hivyo injini ikiwa moto huchezacheza ndani ya shina na kulihamisha joto kutoka kwenye kichwa cha valvu. Katika miaka ya 1920 na 1930 hedi za aluminiamu na valvu za juu zilienea kwenye pikipiki, na nyingi ya sheria za mapezi zinazofuatwa mpaka leo zilitokana na vipimo vile vya Farnborough.

Jambo la pili lililoamuliwa kipindi hicho ni mahali pa kuweka silinda. Baada ya vita, BMW ya Munich ilitengeneza injini ya silinda mbili zilizolala kinyume, moja mbele na moja nyuma, iliyotumiwa kwenye pikipiki ya Helios. Silinda ya nyuma, iliyojificha nyuma ya mwenzake, ilichemka. Max Friz alipopewa kazi ya kubuni pikipiki mpya, aliigeuza injini ili silinda moja itokeze kulia na nyingine kushoto, zote mbili kwenye upepo. Pikipiki hiyo, R32 ya mwaka 1923, ilikuwa na cc 494, na mpangilio wake haujaachwa na kampuni hiyo kwa miaka mia moja. Wamarekani waliupima kwa ukali zaidi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jeshi lao lilihitaji pikipiki ya jangwani, na Harley-Davidson walitengeneza takriban 1,000 za aina ya XA kwa kuiga mpangilio wa BMW. Oili ya XA ilibaki baridi kwa takriban nyuzi 55 za Selsiasi kuliko ya pikipiki ya kawaida ya jeshi, ambayo silinda zake mbili zilipangwa kwa umbo la V, moja ikimkinga mwenzake upepo. Kugeuza silinda tu, bila kuongeza kifaa chochote, kulileta tofauti hiyo yote.

Somo hilo halikuwafikia wote. Ariel Square Four ya Uingereza, iliyobuniwa na Edward Turner na kuanza kuuzwa mwaka 1931, ilikuwa na silinda nne zilizopangwa kama pembe za mraba. Ilikuwa tulivu na laini barabarani, lakini silinda mbili za nyuma hazikuona upepo. Watengenezaji walihangaika nayo kwa miaka karibu thelathini: mwaka 1949 bloku na hedi vikawa vya aluminiamu, mwaka 1953 hedi ikapewa mabomba manne ya moshi badala ya mawili ili joto litoke karibu na kila silinda. Nafuu ilipatikana. Uzalishaji ulikoma mwaka 1959, na wenye pikipiki hizo hadi leo huepuka kuziacha zikiunguruma zikiwa zimesimama.

Injini za mapigo mawili zilikuwa na njia yao. Vespa, iliyobuniwa na Corradino D'Ascanio na kuuzwa na Piaggio kuanzia mwaka 1946, ilificha injini chini ya bodi, mahali ambapo upepo haufiki. Kwa hiyo ilifungwa feni kwenye gurudumu la sumaku na bati la kuelekeza hewa kwenye mapezi. Feni ikizunguka na injini, upepo upo hata chombo kikiwa kimesimama, na ndiyo sababu moja ya Vespa kuvumilia vichochoro vya miji yenye joto kama Zanzibar. Bati hilo likitolewa na fundi na lisirudishwe, kosa linaloonekana dogo, hewa hutawanyika na silinda huungua ndani ya muda mfupi. Hatari nyingine ya mapigo mawili ilikuwa kwenye mteremko. Oili ilichanganywa na petroli. Mwendeshaji akiachia mafuta huku gia ikiishikilia injini kwa mizunguko mingi, oili nayo hukatika, na pistoni hunata ghafla. Waliozoea waliifungua kabureta kidogo kila baada ya muda walipokuwa wakiteremka. Mfumo wa Yamaha wa mwaka 1964, wenye pampu na tangi la oili la peke yake, ulipunguza tatizo hilo sana.

Petroli nayo ina historia yake ndani ya habari hii. Mafuta dhaifu hulipuka kabla ya wakati wake chini ya mgandamizo. Mlio wa kugonga husikika, na joto la pistoni hupanda kwa haraka mno. Mwaka 1921, Thomas Midgley wa Marekani aligundua kwamba kiasi kidogo cha risasi kwenye petroli huzuia kugonga huko. Risasi pia ilitandaza utando mwembamba kwenye viti vya valvu na kuvilinda. Ilikuwa sumu, na madhara yake kwa watoto hasa yalikuwa makubwa kiasi kwamba kuiondoa lilikuwa jambo la lazima. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa mwaka 2006, kufuatia makubaliano yaliyofikiwa Dakar mwaka 2001. Kwa injini za zamani zenye viti laini vya chuma, kazi iliyobaki ilikuwa kufunga viti vigumu na kupima tepeti, yaani nafasi ya valvu, mara nyingi zaidi. Afrika Mashariki ilikuwa na shida nyingine pia: mafuta ya taa kuchanganywa kwenye mafuta ya magari kwa sababu ya bei. Petroli iliyochanganywa hivyo hugonga na kuchemsha injini ya hewa kabla mwendeshaji hajajua sababu. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini wachakachuaji.

Kufikia miaka ya 1970 nguvu za injini zilikuwa zimepita uwezo wa mapezi. Suzuki waliweka maji kwenye GT750 ya mwaka 1971, yenye silinda tatu za mapigo mawili, kwa kuwa ile ya katikati isingepata hewa ya kutosha. Honda wakafuata na Gold Wing mwaka 1975. Suzuki walipotaka wepesi zaidi, katika GSX-R750 ya mwaka 1985, chini ya mhandisi Etsuo Yokouchi, waliitumia oili yenyewe kama maji: ilirushwa kwa wingi juu ya vyumba vya mwako na chini ya pistoni, kisha ikapozwa kwenye rejeta yake. Hata hivyo, kilichoyapa maji ushindi wa mwisho ni sheria za moshi na kelele. Silinda inayopozwa kwa maji hubaki kwenye joto karibu lile lile wakati wote, hivyo nafasi kati ya pistoni na ukuta huweza kubanwa na uchomaji kudhibitiwa kwa usahihi. Mapezi pia hulia. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 huonekana vipande vya mpira vilivyobanwa kati yake kupunguza mlio. BMW waliongeza maji kwenye injini yao ya R1200GS mwaka 2013.

Kwa pikipiki ya kazi katika nchi zenye joto na barabara mbovu, Honda walichukua njia nyingine. CG125, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, ilibuniwa kwa ajili ya waendeshaji wanaobeba kupita kiasi na kuchelewa kubadili oili. Kemu iliwekwa chini, karibu na krenki, ikizisukuma valvu kwa fito. Hedi ikabaki nyepesi, bila mnyororo wa kemu wala njia ndefu za oili, na mapezi yakawa mapana. Injini hiyo ilinakiliwa China kwa idadi kubwa kupita kiasi. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, na Tanzania ilipotoa kanuni za leseni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki mwaka 2010, nakala hizo pamoja na pikipiki za India, nazo za kupozwa kwa hewa, ndizo zilizojaza vijiwe vya bodaboda. Uendeshaji wa miaka ya 1910 ukarudi kwa sura nyingine: kifaa cha kupoza ni kilekile cha Bouton, na kinachokikamilisha ni mkono wa mtu.

Chombo cha aina hiyo hubeba takriban lita moja tu ya oili, isiyo na filta ya karatasi, ila kichujio cha waya na chombo kinachozunguka kutenga uchafu. Oili ikipungua kwa theluthi, kinachopungua si ulainishaji tu, bali pia upoaji wa injini hiyo, kwa maana oili ndiyo inayotoa joto chini ya pistoni. Matope yaliyokauka kati ya mapezi, hasa yakichanganyika na oili iliyovuja kwenye gasketi, huwa blanketi. Fundi mwangalifu huyaloweka kwa dizeli na kuyasugua kwa brashi, wala hamwagii maji silinda yenye moto. Turubai au ngao inayofungwa mbele ya miguu kuzuia baridi ya nyanda za juu huuzuia na upepo wa injini.

Kisha huja plagi. Kauri yake ikiwa na rangi ya kahawia isiyokolea, mchanganyiko uko sawa. Ikiwa nyeupe, yenye chembe ndogo zilizoyeyuka ukingoni, injini inakosa petroli au inavuta hewa pembeni, mara nyingi kwenye mpira uliopasuka kati ya kabureta na hedi. Wapo wanaopunguza petroli kwenye kabureta ili kubana matumizi. Kilichookolewa kituoni hulipwa gereji, kwa pistoni iliyotoboka. Tepeti iliyobana ni hatari zaidi kwa sababu haina kelele. Sehemu kubwa ya joto la valvu ya moshi hutoka kupitia kiti chake wakati imefunga, na isipofunga vizuri, huungua ukingo ndani ya siku chache.

Injini ikishanoki kwa joto, yaani pistoni ikishanata, bloku huchongwa na kupewa pistoni na ringi za saizi kubwa kidogo. Kuta mpya zina mikwaruzo midogo ambayo ringi lazima ziisawazishe, na msuguano huo huzalisha joto la ziada kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo. Kwa hiyo mwendeshaji huambiwa asibebe abiria wawili, asikaze mafuta mpaka mwisho, na asikae kwenye kasi moja kwa muda mrefu, na apumzishe injini baada ya mlima. Baada ya hapo fundi humwaga oili ya kwanza, ambayo huwa na vumbi la chuma, hukagua mkazo wa nati za hedi, na hupima tepeti upya injini ikiwa imepoa kabisa.